Mstari wa Pumzi Moja

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu Mama Pasi,

Shikamoo, kwa kuwa unaipenda. Umenizidi miaka miwili tu, lakini tangu niolewe na kaka yako hujawahi kuisamehe hata siku moja. Ipokee, tuendelee.

Usishangae kuona barua. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya kudekia, na fundi ananizungusha, kila nikienda ananiambia kesho. Basi nimeamua kuandika. Na tena naona barua ina raha yake. Kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijamaliza kusema, hapa utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Habari kubwa ni hii. Bendi yetu inatimiza miaka hamsini mwezi wa Mei. Tutapita barabara kuu yote, kuanzia stesheni mpaka uwanja wa mpira, tarumbeta mbele, ngoma nyuma, na wimbo wa kufungulia ni "Kifua Mbele" wa kaka yako. Kiongozi wetu, Bwana Kijiti, alipanda juu ya kreti la soda kututangazia, kile kijiti chake cha kuongozea kikiwa mkononi, nami nikajiona nimerefuka. Wimbo wa marehemu mume wangu, mbele ya mji mzima, na mpigaji wa ule mstari wake mrefu wa tarumbeta ni mimi! Tangu afariki sijapata kuona fahari ya namna ile. Nilirudi nyumbani kwa miguu makusudi ili nipite mbele ya watu.

Mengine ni ya kawaida. Sare mpya zimekuja, koti jekundu lenye vifungo vya shaba. Fundi amelibana la kwangu tumboni, amekosea vipimo mjinga yule, nimelirudisha mara mbili. Mwili haujambo, uchovu tu wa hapa na pale. Na wewe je, mashuka ya hoteli hayajakumaliza?

Wifi yako,
Mapafu


Tarehe 16 Februari

Wifi,

Marahaba. Hata kama umeitoa kwa kinyongo nimeipokea kwa mikono miwili.

Barua yako imenikuta chumba cha kufulia, katikati ya mvuke, nikiwa na mlima wa mashuka ya wageni wa mkutano. Nimeisoma nimekaa juu ya furushi la taulo. Wasichana wangu wanaopiga pasi wakadhani nimeletewa barua ya posa, nami nikawaacha waamini hivyo. Tangu asubuhi ile wananiheshimu zaidi.

Kile kipande cha habari ya wimbo nimewasomea kwa sauti. Kwa kaka yangu mimi sina haya, unanijua. Nimewaeleza alivyoutunga jikoni kwenu huku akigonga mwiko kwenye sufuria, na alivyogeuka akaniambia, "Dada, huu mstari wa katikati nauandika mrefu makusudi. Hakuna binadamu atakayeupiga kwa pumzi moja isipokuwa mke wangu." Alikuwa anakutambia wewe, wifi. Wenzako huandikiwa barua za mapenzi, wewe uliandikiwa mstari wa tarumbeta.

Sasa niseme lililo moyoni, maana sijui kupiga chenga. Shoga yako muuza vitambaa alipita huku wiki iliyopita. Anasema tumbo lako limetoka. Anasema unatembea umeshika kiuno. Anasema watu mtaani wanahesabu miezi, na wanamtaja Bwana Kijiti. Nilimwambia afunge domo lake. Lakini alipoondoka niliunguza shuka jeupe, mimi, ambaye wasichana wanasema naweza kupiga pasi nimefumba macho.

Kaka yangu ana miaka minne kaburini, na hakukuachia nadhiri. Kama umepata mtu ni haki yako, nitameza mate na nitakuja kumsalimia. Ila jina la kaka bado liko mlangoni kwako. Nataka nilisikie neno hilo kutoka kinywani mwako, si kwa muuza vitambaa.

Mama Pasi


Tarehe 1 Machi

Wifi,

Mimba! Nina miaka hamsini na minne. Mambo ya mwezi yaliniaga kaka yako akiwa bado hai. Kama Mungu angeamua kunifanyia mzaha huo nisingejificha, ningelitembeza tumbo langu barabara nzima nikipiga tarumbeta, watu wanipishe.

Sitakuapia. Nimekaa na kaka yako zaidi ya miaka ishirini na hajaniuliza hata siku moja nilikuwa wapi. Wewe unaniuliza. Jibu langu ni hilo hapo juu, na kama halitoshi, endelea kuunguza mashuka. Nimenenepa. Watu hunenepa, si jinai.

Tuzungumze ya maana. Bwana Kijiti amenipa heshima kubwa kuliko ninavyostahili. Juzi kwenye mazoezi nilivuta pumzi katikati ya mstari, pale sauti inapoanza kupanda. Ilitokea tu. Nikajua sasa atagonga kijiti atusimamishe. Wapi! Alifumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali. Tulipomaliza akasema, "Mmesikia? Mjane ametufunulia siri. Marehemu alikusudia kituo pale, ndipo huzuni ya wimbo ilipojificha." Akatoa kalamu, akatia alama ya kupumua kwenye karatasi za watu wote. Sasa safu nzima, vijana sita, wanahema pale pale kwa pamoja kama watu waliopanga kupiga chafya. Wanatembea wakijisifu kwamba hivyo ndivyo wakubwa wanavyopiga.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikaacha ibaki hivyo hivyo. Si mbaya sana, ukiizoea.

Simu bado iko kwa fundi.

Mapafu


Tarehe 12 Machi

Mapafu,

Mara ya kwanza niliposoma barua yako nilikasirika, nikaitia mfukoni mwa aproni nikaendelea na kazi. Mara ya pili niliogopa.

Ya mimba nimeyafuta. Muuza vitambaa alirudi, nikamfukuza mlangoni kwa chupa ya kunyunyizia maji ya pasi. Nisamehe kwa kumsikiliza.

Lakini ule mstari! Siku tunamzika kaka yangu macho yako yalikuwa yamevimba hata njia huioni, na uliupiga mzima juu ya kaburi lake. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nimekushika mgongo, nikazisikia mbavu zako zikishuka taratibu mpaka noti ya mwisho. Hukuiba hata chembe ya hewa. Mtu yule hawezi kupumua katikati kwa sababu "ilitokea tu". Wewe ungekubali kuzaa barabarani kabla ya kuukata mstari wa kaka yangu.

Ndipo nikaanza kuunganisha. Koti linabana. Umechoka. Ukicheka unakohoa. Na simu. Wifi, mimi ni mtu wa mashuka. Mgeni akificha doa, nalijua kwa jinsi alivyolikunja shuka. Simu yako haijatumbukia popote. Unaogopa nisikie unavyohema.

Niambie ukweli, au Jumamosi napanda basi, na meneja na wageni wake walale kwenye magodoro matupu.

Ninayekuuliza ni mimi. Kaka hayumo katika hili.

Mama Pasi


Tarehe 23 Machi

Wifi yangu,

Umenikamata. Simu iko juu ya kabati, nzima kabisa. Nimeizima.

Ilianza kabla ya mwaka mpya. Ngazi za nyumbani zikawa ndefu. Kisha nikawa siwezi kulala chali, nalala nimekaa kwenye kiti cha kaka yako na mito miwili. Nikadhani ni kifua, na daktari wa kwanza naye akadhani ni kifua. Picha ikaonyesha pafu la kulia limezingirwa na maji. Wakanichoma sindano mgongoni wakayavuta, yana rangi ya chai nyepesi, chupa tele. Nikapumua kama msichana. Baada ya siku chache yakarudi. Wakavuta tena, yakarudi tena. Ndipo nikapelekwa kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Akasema anataka kulitazama tumbo. Akanipaka mafuta ya baridi, akapitisha kile kidude cha picha. Tumboni nako maji. Na kwenye ovari ya kulia kuna uvimbe mgumu kama nazi changa. Damu wakaipima, majibu yakaja mabaya.

Hakunificha, nami nimempenda kwa hilo. Alisema, "Mama, uvimbe kwenye ovari, maji tumboni, maji kifuani, na damu ya namna hii, vikikutana mara nyingi ni saratani iliyokwisha kusambaa." Kisha akasema uko uwezekano mwingine, mdogo, wa nadra sana. Kuna uvimbe ambao wenyewe si saratani na hauna ubaya, ila kwa sababu wasiyoielewa vizuri unajaza maji mpaka kifuani. Katika maji yangu hawajaona chembe za saratani, lakini hilo peke yake halitoshi. Hatajua mpaka afungue tumbo autoe.

Nikamwuliza, nikipasuliwa Aprili, Mei nitapiga tarumbeta? Akasema hapana.

Basi nimekata kauli. Sipasuliwi. Siku mbili kabla ya sherehe nitavutwa maji, nitapita barabara kuu nimevaa koti jekundu, na baada ya hapo itakavyokuwa na iwe. Kama ni saratani kisu hakitaniongezea kitu, kitanilaza tu wakati wenzangu wanatembea. Nataka mji unione nimesimama. Huo uwezekano mdogo hata sitaki kuusikia, mimi sijawahi kushinda hata bahati nasibu ya shule.

Usilie kwenye mashuka ya watu.

Mapafu


Tarehe 1 Aprili

Mke wa kaka yangu,

Nimelia kwenye mashuka ya watu, na nimeyafua upya.

Nilianza kukuandikia barua ya kukubembeleza. Ilikuwa nzuri, ina machozi, ina Mungu, ina miaka yetu yote. Nimeichana. Kubembelezwa hakujawahi kukufaa, unavimba kichwa tu.

Nakuuliza swali la kazi. Utapita barabara kuu, haya. Ule mstari utaupiga vipi? Utaupiga umekatika. Pumzi pale katikati, wewe na vijana wako sita, na mji mzima utausikia hivyo. Kisha utakufa, kama ulivyojipangia. Na ukishakufa, Bwana Kijiti atakula kiapo kwamba ndivyo mjane alivyoupiga mara yake ya mwisho, na karatasi zitakuwepo na alama ya kalamu yake. Bendi hiyo ikifikisha miaka mia watakuwa bado wanahema pale pale, na watafundisha wajukuu wao kuhema. Kaka yangu aliandika mstari wa kujivunia mapafu ya mkewe. Wewe unataka kumwachia ugonjwa wako mahali pake.

Nani atawasahihisha? Mimi? Mimi hata kupiga mluzi siwezi.

Unasema unataka kuonekana umesimama. Ni kweli, wewe hujaumbwa kulala. Lakini naona unakimbia, wifi, ila unakimbia kwa madaha na vifungo vya shaba. Nenda kapasuliwe. Ikiwa ni saratani tutaijua kwa jina lake, na nitaacha hoteli nije nikae na wewe mpaka mwisho, na kila asubuhi nitakupigia pasi hilo koti hata kama hutoki kitandani. Ikiwa ni lile jingine, la nadra, utakuwa umeitupa miaka yako yote iliyobaki kwa ajili ya barabara moja.

Jivune, nakuruhusu. Hakuna anayependa maringo yako kama mimi. Ila jivune vizuri.

Mama Pasi


Tarehe 8 Aprili

Wifi,

Una roho mbaya. Nimekununia siku tatu nzima na wewe hata hukujua.

Nimekwenda kwa daktari. Ni tarehe ishirini na saba. Njoo. Lete zile taulo nzito za hoteli, za hapa zinakwangua.

Bwana Kijiti usimwambie habari ya ile alama ya kupumua. Nitamwambia mimi nikiamka.

Mapafu


Tarehe 5 Mei

Kwa Bibi Mkuu wa Dobi,

Salamu nyingi pamoja na heshima. Narejea mazungumzo yetu ya kwenye korido ya hospitali, ambapo ulinikaripia mbele ya manesi wawili na mlinzi wa geti.

Kwanza, mgonjwa. Tangu ulipolazimika kurudi kazini anaendelea vizuri, isipokuwa kidonda cha operesheni kilifanya usaha kidogo pembeni, kwa hiyo bado wamemzuia wodini, ghorofa ya pili, upande wa barabara. Majibu ya uvimbe uliotolewa hayajatoka maabara. Nimeulizia, na nimeombwa nisiulizie tena.

Pili, alama ya kupumua. Bibi, mimi nimeongoza bendi hii tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na sikio langu ndilo nililokuwa nikijivunia kuliko kitu chochote. Nilimsikia mwanamke akiishiwa hewa mbele yangu, nikauita usanii. Uliyoniambia koridoni yalikuwa makali, na uliyapunguza. Nimekusanya karatasi zote na kuzifuta alama kwa mkono wangu mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Tatu, vijana. Nimewajaribisha mstari huo bila kupumua. Wa kwanza aliishia nusu ya njia. Wa pili tulimkalisha kwenye kiti tukampepea. Wa tatu alifika mwisho, lakini sauti aliyotoa siwezi kumwelezea mtu wa hadhi yako. Wengine wakaomba udhuru.

Hivyo nimefikia uamuzi, nao hauna rufaa. Mstari wa kaka yako hautapigwa na mtu asiyeuweza, wala hautapigwa nusu mradi mimi ndiye nimeshika kijiti. Tutakachofanya siku hiyo utakisikia baadaye. Mgonjwa asijue.

Wako mtiifu,
Kiongozi wa Bendi
(Bwana Kijiti. Ndiyo, ninalijua jina hilo.)


Tarehe 10 Mei

Wifi,

Vumilia mwandiko, naandikia juu ya mto. Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Nesi mkuu alinikataza kusimama dirishani. Nilisimama. Mkono mmoja nimeshika chuma cha kitanda, mwingine nimelishika tumbo. Wakatokea kwenye kona ya posta, makoti mekundu, vifungo vikimeta, mpiga ngoma kubwa ameinua kidevu kana kwamba barabara aliijenga yeye. Uzuri ule, wifi! "Kifua Mbele" ikaanza. Mimi nimekunja uso nasubiri mahali pale, nasubiri ile pumzi yao ya kipumbavu niliyowaambukiza.

Haikuja. Bwana Kijiti aliinua mkono, tarumbeta zote zikashuka mapajani. Tromboni zikanyamaza. Ikabaki ngoma kubwa peke yake inahesabu hatua. Wakatembea hivyo, kimya, urefu wote wa mstari wangu, chini ya dirisha langu, wameangalia mbele. Na kwenye safu ya kwanza kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, wazi, hakuna aliyesogea kuijaza. Barabara nzima ikatulia. Muuza magazeti alivua kofia. Mstari ulipokwisha wakaingia tena kwa kishindo, vioo vya wodi vikatikisika.

Nimepigiwa makofi mengi katika maisha yangu, lakini sijapata kuheshimiwa namna ile. Nilijivuna mpaka nyuzi za kidonda zikauma. Najua aliyemweleza Bwana Kijiti. Nilikuomba usimwambie, ukamwambia. Ahsante.

Tatizo ni kwamba mji mzima sasa unaamini nimekufa. Bendi inaacha nafasi ya nani kama si ya marehemu? Leo asubuhi shoga yangu muuza vitambaa amefika wodini, kilio kimemtangulia, na nguo nyeusi begani, anamwuliza nesi mwili uko wapi. Nikamwita kutoka kitandani. Alipiga ukelele akakaa sakafuni, ikabidi apimwe presha. Nikamwambia, "Karibu, shoga. Na mtoto naye hajambo." Sina mbavu, wifi. Nimecheka mpaka machozi, na hebu fikiria, sikukohoa.

Lakini majibu bado. Nikwambie ukweli, nilipokuwa najiandaa kufa sikuogopa hata kidogo. Sasa nimeiona nafasi yangu pale barabarani na ninaitaka, naitaka mno, na hapo ndipo hofu imeniingia. Kila mlango ukifunguliwa natazama kama ni daktari. Niombee.

Mapafu


Tarehe 17 Mei

Wifi yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama katikati ya mashine zote zikinguruma, na nikazizima moja moja ili niisome tena. Wasichana wakauliza kuna nini. Nikawaambia, wifi yangu ni mtu ambaye akinyamaza mji mzima unanyamaza. Sikumbuki kama niliwahi kumsifu mtu hivyo, hata kaka mwenyewe.

Kuna jambo nilikuficha. Siku ya operesheni, kabla hujaamka, daktari alitoka bado amevaa kofia ya kijani akaniita pembeni. Alinionyesha kile kitu kwenye bakuli. Ni cheupe, kigumu, kimekaa kibabe. Akasema amepekua tumbo zima na hajaona mahali kilipoenea. Nikarukia mkono wake. Akautoa, akasema, "Dada, usimwambie. Jicho langu si maabara. Nikimpa tumaini halafu nimnyang'anye, sitajisamehe." Nimekaa nalo tangu siku ile. Kila nikipiga pasi nalisikia. Leo limenishinda, kwa sababu umesema unaogopa, na katika miaka yote hii sijawahi kukusikia ukilitamka neno hilo.

Nami naogopa. Tuogope wote wawili, basi, uoga wako usiwe mpweke. Ukiwa na neno, lolote lile, niandikie. Usipige simu, nitaangusha kitu.

Mama Pasi


Tarehe 24 Mei

Wifi yangu,

Simama. Weka pasi chini. Vuta pumzi mpaka mbavu zigome, kisha usome bila kupumzika.

Leo asubuhi daktari amekuja na karatasi mkononi akaketi kitandani kwangu jambo ambalo hajawahi kulifanya nikajua basi ndiyo hiyo nikamshika mkono mimi nimfariji yeye naye akacheka wifi akacheka kwa sauti akasema mama si saratani na haijawahi kuwa saratani ni ule uvimbe mwingine wa nadra niliokwambia ambao haumli mtu wala hausambai ila unajaza maji tumboni na kifuani mpaka kila anayeutazama anadhani anatazama kifo na ukishatolewa maji hukauka yenyewe na picha ya jana inaonyesha pafu lako la kulia limekunjuka lote halina hata tone nikamwambia rudia akarudia nikamwambia rudia akarudia mpaka yule bibi wa kitanda cha jirani akasema jamani mwacheni daktari amesikika na nikalia kidogo tu ila kwa sauti kubwa na daktari akaniambia katika kazi yake yote huu ni wa pili kuuona na anaomba ruhusa awasimulie wanafunzi wake nikamwambia wasimulie uwaambie mwenyewe ni mpiga tarumbeta tena hodari tena mjane wa mtunzi na kwamba aliukubali upasuaji kwa sababu ana wifi mwenye roho mbaya kuliko wote duniani akaandika kweli nimemwona ameandika na alipotoka nikasimama mwenyewe bila kushikwa na mtu nikatembea wodi nzima kwenda na kurudi nimenyoosha mgongo nesi mkuu ananitazama hathubutu kusema kitu na sasa nimekaa wima nakuandikia na hewa inaingia wifi inaingia tu yenyewe bila kubembelezwa inashuka mpaka chini kabisa ambako miezi yote hii ilikuwa haifiki na karatasi ndiyo hii inakwisha lakini pumzi bado ninayo

Mapafu